Somo la 12: Mtoto Haoni Ubao

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuandika barua kwa ndugu na jamaa walio mbali. Leo tutaandika barua nyingine. Tutamwandikia mwalimu mkuu wa shule. Tutamwandikia kwa ajili ya mtoto ambaye huenda shule kila siku, lakini hapati masomo sawa na wenzake kwa sababu ana ulemavu.

Soma kwanza habari ya Mama Tatu. Habari hii ni mfano tu. Lakini huenda katika kijiji chako yupo mama kama huyu, au mtoto kama huyu.

1. Ripoti ya sandukuni

Mama Tatu alianza kisomo cha watu wazima akiwa na umri wa miaka 38. Alipojua kusoma, alisoma kila kitu kilichoandikwa. Alisoma mfuko wa mbolea. Alisoma kadi ya kliniki. Siku moja alifungua sanduku, akatoa ripoti za shule za watoto wake.

Ripoti ya Tatu, binti yake wa darasa la tatu, ilikuwa na maneno machache: "Hanakili kazi ubaoni. Ni mvivu. Mzazi amkanye."

Ripoti hiyo ilikuwa ya mwaka uliopita. Siku ilipoletwa nyumbani, Mama Tatu alikuwa hajui kusoma. Aliyemsomea ni kaka yake Tatu. Kaka alimhurumia mdogo wake, akasema, "Mama, wameandika kwamba anaendelea vizuri."

Mama Tatu alikaa kimya. Akaanza kukumbuka mambo. Tatu akichagua mchele, mawe hubaki. Tatu akitumwa dukani jioni, hujikwaa. Tatu akishika kitabu, hukileta karibu na pua. Baba yake husema, "Mtoto huyu hana uangalifu." Na mama mwenyewe aliwahi kumchapa kwa sababu ya mawe katika mchele.

Kesho yake asubuhi mama alichukua kipande cha mkaa. Akaandika ukutani TATU, kwa herufi za ukubwa kama zile za ubaoni. Akamsimamisha mtoto mbali, hatua kumi.

"Soma, mwanangu."

"Naona ukuta tu, mama."

Wakasogea mpaka hatua saba. "Naona weusi weusi." Wakasogea mpaka hatua nne. Tatu akacheka, akasema, "Ni jina langu!"

"Kwa nini hukusema kwamba huoni?"

Tatu akajibu, "Nilidhani watu wote wanaona hivi."

2. Kwanza hospitali

Mtoto hawezi kujua kwamba macho yake au masikio yake ni tofauti na ya wenzake. Ndivyo alivyozaliwa. Kwa hiyo sisi wazazi ndio tunaopaswa kuangalia. Angalia mtoto anayesogeza kitabu karibu sana na macho. Angalia anayekunja uso akitazama mbali. Angalia asiyegeuka anapoitwa kwa nyuma, na anayesema "eeh?" kila mara.

Ukiona dalili, usitie dawa ya majani machoni wala masikioni. Mpeleke mtoto kwenye zahanati. Pale utaelekezwa hospitali yenye mtaalamu wa macho au wa masikio. Ukiona weupe katikati ya mboni ya jicho, usingoje hata kidogo. Mtoto wa jicho huwapata hata watoto wadogo, na mtoto akicheleweshewa matibabu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Weupe huo unaweza pia kuwa ugonjwa mwingine wa hatari. Mtoto mwenye masikio yanayotoa usaha naye atibiwe mapema.

Tatu alipimwa, akapewa miwani. Miwani ilimsaidia kidogo, lakini haikumaliza tatizo. Mtaalamu alisema Tatu ana uoni hafifu. Maana yake ni kwamba anaona, lakini si vizuri, na miwani haitoshi kumfanya aone kama wengine. Mama aliomba maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi. Karatasi hiyo aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya kliniki.

Jioni hiyo baba alisikitika sana. Akasema, "Basi, akae nyumbani. Shule ya nini kwa mtoto asiyeona?"

Mama akajibu, "Baba Tatu, mtoto anaona. Anaona hatua nne. Kazi yetu ni kumfikisha kwenye hizo hatua nne."

3. Sheria inasemaje?

Ndugu msomaji, kumwombea mtoto nafasi ya kusoma si kuomba hisani. Ni haki yake.

Nchini Tanzania ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria hiyo inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya elimu sawa na wengine. Inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji njia maalumu ya mawasiliano. Tena inataka apewe msaada unaohitajika ili aweze kujifunza. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo nao unataka shule zifanye marekebisho ili mtoto huyo asome.

Kwa hiyo mwalimu akikuuliza, "Nani amekwambia haya?" mjibu kwa adabu, "Mwalimu, ni sheria ya mwaka 2010."

4. Omba jambo linaloonekana

Wazazi wengi huenda shuleni wakasema, "Mwalimu, msaidie mtoto wangu." Mwalimu hujibu, "Sawa, mama." Kesho yake hakuna kinachobadilika. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu hajui aanzie wapi.

Omba jambo ambalo mtu anaweza kuliona likifanyika. Mama Tatu na Baba Tatu walikaa na mtoto wao. Walimwuliza, "Darasani unakaa wapi? Mwanga unatoka upande gani? Kitu gani kinakushinda zaidi?" Kisha waliandika mambo matano:

(a) Tatu akae dawati la mbele, katikati.
(b) Dirisha liwe ubavuni au nyuma yake, mwanga usimpige machoni.
(c) Mwalimu aandike herufi kubwa, na asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni.
(d) Tatu aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni, na aongezewe muda wa kunakili.
(e) Shule iombe vitabu vya maandishi makubwa.

Angalia orodha hiyo. Jambo la kwanza mpaka la nne halihitaji fedha yoyote. Jambo la tano linahitaji maombi. Taasisi ya Elimu Tanzania hutoa vitabu vya shule vya maandishi yaliyokuzwa, na pia vya nukta nundu kwa wasioona kabisa.

Kisha wazazi waliandika kile watakachofanya wenyewe. Baba alisema atatengeneza kibao cha kuegemeza kitabu, ili mtoto asiiname mpaka shingo iume. Kaka alisema atamnakilia masomo nyumbani kwa kalamu nyeusi nene. Hili ni jambo muhimu. Mwalimu akiona mzazi naye amebeba mzigo upande mmoja, hatakataa kubeba upande wa pili.

5. Barua kwa mwalimu mkuu

Kwa nini tuandike barua, wakati shule iko hapa hapa kijijini? Tunaandika kwa sababu maneno ya mdomo husahauliwa. Mwalimu anaweza kuhamishwa, na mwalimu mpya hatajua mlikubaliana nini. Barua hukaa kwenye faili.

Hii ndiyo barua ya Mama Tatu. Isome polepole.

Kitongoji cha ..............
Kijiji cha ..............
Tarehe ..............

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ..............

Ndugu Mwalimu,

KUHUSU: MAOMBI YA MTOTO TATU, DARASA LA TATU

Mimi ni mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu. Mtoto huyu alipimwa macho hospitali. Ana uoni hafifu. Nimeambatanisha nakala ya karatasi ya hospitali. Herufi za ubaoni anaziona akiwa hatua nne, lakini akiwa hatua saba hawezi kuzisoma.

Naomba akae dawati la mbele, katikati, mwanga usimpige machoni. Naomba mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Naomba mtoto aruhusiwe kusogea ubaoni na aongezewe muda. Naomba pia shule imwombee vitabu vya maandishi makubwa.

Sisi nyumbani tutatengeneza kibao cha kuegemeza kitabu, na tutamnakilia masomo kwa maandishi makubwa.

Naomba tuonane siku ya .............. ili tuzungumze.

Nakutakia kazi njema.

Mzazi: ..............
Sahihi: ..............

Umeona? Barua ni fupi. Haina malalamiko. Inaeleza tatizo, inaeleza maombi, na inaeleza wajibu wa mzazi. Haikusema kwamba mwalimu aliandika "mvivu." Mama Tatu alikuwa na uchungu juu ya neno hilo, lakini aliacha uchungu nyumbani, akaenda na haja yake.

Andika nakala mbili. Moja mpe mwalimu mkuu. Ya pili mwombe aandike tarehe na kutia sahihi kwamba amepokea. Nakala hiyo itunze.

6. Mazungumzo shuleni

Siku ilipofika, Mama Tatu na Baba Tatu walikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alimwita mwalimu wa darasa, kijana aliyekuwa bado mgeni kijijini.

"Shikamooni, wazazi," alisema mwalimu kijana.

"Marahaba, mwalimu."

"Barua yenu nimeisoma. Lakini mama, darasa langu lina watoto 90. Nikimwangalia mmoja, nani atawaangalia 89?"

Mama Tatu akasema, "Mwalimu, kazi yako ni kubwa, tunaiona. Hatuombi umwache mtoto wa mtu mwingine. Unapoandika ubaoni, tunaomba usome kwa sauti. Je, wale 89 watapungukiwa na nini wakisikia?"

Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema, "Hawatapungukiwa. Huenda na wao wakafaidika."

Kisha akainamisha kichwa. "Mama, mimi ndiye niliyemchapa kwa kutonakili. Sikujua."

Mama Tatu akajibu, "Mimi pia nilimchapa kwa mchele, mwalimu. Sote hatukujua. Sasa tunajua."

Baba Tatu aliangalia ubao. Ulikuwa umechakaa, umekuwa wa kijivu, na chaki haikuonekana vizuri. Jumamosi alirudi na wazazi wawili wa kamati ya shule, wakaupaka rangi nyeusi. Watoto wote walifurahi.

7. Ukikosa jibu

Si kila mzazi atapokewa vizuri. Ukiona wiki tatu zimepita bila jibu, usikate tamaa, wala usigombane. Panda ngazi moja moja, ukiwa na nakala ya barua mkononi:

Kwanza, rudi kwa mwalimu mkuu.
Pili, nenda kwenye kamati ya shule. Wajumbe wengine ni wazazi kama wewe.
Tatu, nenda kwa afisa elimu wa kata.
Nne, nenda halmashauri ya wilaya. Mwulize afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Unaweza pia kumwona afisa ustawi wa jamii.

Kila unapokwenda, andika kwenye daftari tarehe, jina la uliyemwona, na jibu alilokupa.

Vipo pia vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe. Kipo Chama cha Wasioona Tanzania. Kipo Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA. Kipo Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania. Shirikisho la vyama hivi linaitwa SHIVYAWATA. Watu hawa wamepita njia unayopita. Wanaweza kukushauri.

8. Siku ya mtihani

Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na za nukta nundu kwa wasioona. Pia huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza. Kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, nyongeza ambayo Baraza limekuwa likitangaza ni dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Lakini jambo moja ukumbuke. Karatasi ya maandishi makubwa haiji kwa bahati. Shule hutaja hali ya mtoto wakati wa kuwaandikisha watahiniwa. Kama shule haikutaja, mtoto anaweza kukuta karatasi ya kawaida mezani, na siku hiyo hakuna la kufanya. Kwa hiyo mzazi aulize mapema, "Mwalimu, mtoto wangu ameandikishwa kuwa ana uoni hafifu?"

9. Watoto wengine

Maombi hutofautiana kwa sababu watoto hutofautiana.

Mtoto asiyesikia vizuri akae mbele, na sikio zima lielekee kwa mwalimu. Mwalimu asiongee huku amegeukia ubao, kwa sababu mtoto huyo huangalia midomo.

Mtoto anayetembea kwa shida au kwa baiskeli ya magurudumu matatu anahitaji mteremko badala ya ngazi. Anahitaji choo anachoweza kuingia. Wanakijiji wanaweza kujenga mteremko kwa mawe na saruji kidogo.

Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu pia, na jua huidhuru ngozi yake. Aruhusiwe kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Asisimamishwe juani wakati wa mstari au michezo.

Mtoto anayechelewa kuelewa apewe kazi ndogo ndogo, hatua kwa hatua. Asichekwe.

Wapo watoto wanaohitaji shule yenye walimu wa lugha ya alama au wa nukta nundu. Shule za namna hiyo zipo nchini tangu zamani. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963. Afisa wa elimu maalumu wa wilaya ndiye wa kuulizwa kuhusu nafasi.

10. Tatu yuko wapi sasa?

Tatu hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa 71 kati ya 90, akawa wa 38. Vitabu vya maandishi makubwa vilikawia miezi mingi, na vilipokuja vilikuwa viwili tu. Mama alirudi kwa afisa elimu wa kata kuuliza habari za vingine, akaandika tarehe kwenye daftari lake.

Mwisho wa mwaka ripoti ililetwa nyumbani. Safari hii hakuna aliyemsomea Mama Tatu. Aliisoma mwenyewe, mbele ya mtoto, kwa sauti: "Anajitahidi. Aendelee kukaa mbele."

MANENO YA KUJIFUNZA

Uoni hafifu: kuona kwa shida hata ukivaa miwani.
Nukta nundu: maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole.
Nakala: karatasi nyingine yenye maneno yale yale.
Kuambatanisha: kuweka karatasi nyingine pamoja na barua.
Mtahiniwa: mtu anayefanya mtihani.

MASWALI

1. Mama Tatu alijuaje kwamba mtoto wake haoni vizuri?
2. Kwa nini Tatu hakusema mapema?
3. Taja mambo manne katika orodha ya Mama Tatu ambayo hayahitaji fedha.
4. Kwa nini ni vizuri kubaki na nakala ya barua?
5. Mtihani wa Hisabati ni wa saa moja na nusu. Mtoto mwenye uoni hafifu ataongezewa dakika ngapi? (Kwa kila saa ni dakika 20.)

KAZI YA DARASA

Kaeni watu watatu watatu. Fikirini mtoto mmoja wa kijiji chenu ambaye haendi shule, au huenda lakini hafaidi, kwa sababu ya ulemavu. Ni nini kinamzuia? Andikeni mambo matatu ya kuomba shuleni, na jambo moja ambalo ninyi wenyewe mtalifanya. Kisha mmoja wenu amtembelee mzazi wa mtoto huyo kabla ya somo lijalo. Kama mzazi hajui kuandika, mkono wako umwandikie.